Usalimishaji wa Mtuhumiwa

Magazeti yetu yanapotaka kueleza kitendo cha dola moja kumtia mtu aliye katika himaya yake mikononi mwa dola nyingine iliyomtaka, ili akahukumiwe huko au akatumikie adhabu aliyokwisha kuhukumiwa, aghalabu huandika "kubadilishana wahalifu", na istilahi hiyo imezoeleka hata msomaji haoni tena kwamba inamwita mhalifu mtu ambaye huenda hajapata kusimama mbele ya hakimu yeyote, wala kwamba inaleta taswira ya soko, ambamo huyu hutolewa ili yule apatikane.

Biashara ya namna hiyo imepata kutokea kwetu. Baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Kenya la tarehe 1 Agosti 1982, Hezekiah Ochuka, askari wa jeshi la anga aliyejitangaza mtawala kwa muda wa saa chache, alikimbilia Tanzania. Na mwaka uliofuata, serikali hizo mbili zilipokuwa zikisuluhisha ugomvi uliofunga mpaka wao tangu mwaka 1977, alirudishwa Kenya, nao Watanzania walioshutumiwa kula njama dhidi ya serikali ya Mwalimu Nyerere, ambao walikuwa wametorokea Kenya, wakarudishwa Tanzania. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Hapo neno kubadilishana ni sahihi, na usahihi wake ndio unaotisha.

Sheria haikukusudia hivyo. Kwa mujibu wake, dola inayomtaka mtu huleta ombi pamoja na ushahidi, hakimu akaupima, kisha waziri akaamua. Na katika kila hatua pana kinga: kosa liwe jinai katika nchi zote mbili, mtu asishtakiwe kwa jambo jingine lisilotajwa katika ombi, na asitolewe ikiwa kosa lenyewe ni la kisiasa. Kinga hii ya mwisho ndiyo yenye utata mkubwa kuliko zote, kwa kuwa mtu anayeitwa haini na mji mmoja huitwa mpigania haki na mji wa pili, na hakuna mizani ya hakimu iliyoweza kulimaliza shauri hilo. Kinga si uzushi wa wanasheria wa leo, kwani mkataba wa amani baina ya Ramesses wa Pili wa Misri na Hattusili wa Tatu, mfalme wa Wahiti, uliofungwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, uliamuru watoro warudishwe, na papo hapo ukaamuru wasiuawe, wala wake zao na watoto wao wasidhuriwe.

Wako watakaosema basi tuandike "urejeshaji". Neno hili ni jema zaidi, ila lina upungufu wake, nao unadhihirika katika kadhia ya Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania aliyekamatwa mjini Cape Town mwezi wa Oktoba 1999 kwa kuhusishwa na mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 11. Maofisa wa Afrika Kusini walimkabidhi kwa makachero wa Marekani, wakampeleka New York, mji ambao si kwao, hata isemwe kuwa alirejeshwa; na serikali ya Afrika Kusini ilipojitetea kwamba ilimfukuza tu kama mgeni aliyeingia nchini kinyume cha sheria, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika hukumu yake ya mwezi wa Mei 2001, ilikataa kuiacha haki ya mtu itegemee jina ambalo serikali imechagua kukiita kitendo chake, ikatamka kwamba ilikuwa haramu kumtoa bila kwanza kupata ahadi ya Marekani kuwa hatauawa, ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe kwa mahakama ya New York. Baraza la wazee wa mahakama huko halikuafikiana juu ya adhabu ya kifo, akafungwa maisha. Sisemi haya kwa kupunguza uzito wa damu iliyomwagika Dar es Salaam. Nasema kwa kuwa majaji wale walimlinda mtu aliyechukiwa mno, na sheria isiyoweza kumlinda mtu wa namna hiyo haimlindi yeyote.

Kwa hiyo rai yangu ni "usalimishaji wa mtuhumiwa", na kwa aliyekwisha kuhukumiwa, "usalimishaji wa mfungwa". Waarabu huliita jambo hili *taslim*, na kwetu kusalimisha ni kukabidhi, neno lenye asili moja na salama, likimkumbusha mwenye kukabidhi kwamba anadaiwa pia usalama wa anayesalimishwa. Ninawaomba wahariri wa magazeti, na hasa wale wanaotafsiri sheria zetu kwa Kiswahili, waliache neno kubadilishana kwa siku ambayo serikali zitakuwa kweli zimebadilishana watu, na siku hiyo waliandike bila kulificha.