Mizani Katika Sikio la Bunia: Hoja Juu ya Istilahi za Ushairi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa sekondari mjini Bunia, mkoani Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husoma ushairi kwa Kifaransa. Hufundishwa kwamba mshororo mashuhuri wa lugha hiyo una silabi 12, sita kwa sita. Nje ya darasa, huongea na kuimba kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya nchi ya mwaka 2006. Akigeukia ushairi wa Kiswahili, ni rahisi adhani kwamba istilahi zake ni majina mengine tu ya vitu anavyovijua. Makala haya yanapinga dhana hiyo, pamoja na nyingine iliyo nzito zaidi: kwamba sheria za ushairi ni mali ya pwani, na Kiswahili cha Ituri hakizimudu.

Tuanze na kina. Kwa Kifaransa, maneno mawili huweza kupatana kwa irabu ya mwisho peke yake, ingawa upatanifu huo huhesabiwa kuwa hafifu. Kwa Kiswahili, kina ni silabi nzima. "Kaka" na "dada" huishia irabu moja lakini hayana kina kimoja. "Habari" na "safari" yanacho. Anayeitegemea fasiri ya Kifaransa atatunga mashairi guni, yaani yenye kasoro ya kanuni, bila kujua.

Mizani ni hesabu ya silabi zinazosikika. Tarbia iliyozoeleka ina mishororo minne kwa ubeti. Kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (kipande cha pili). Mshororo wa utenzi una mizani nane tu. Wala kanuni hizi si mali ya pwani: Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mbali na pwani, alizieleza kanuni za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954.

Je, kanuni hizo zinakikataa Kiswahili cha Bunia? Tupime. Kipande "Mtu na mtoto wake" kina mizani nane, kwa kuwa "m" ya "mtu" ni silabi kamili. Mtu wa Bunia atasema "Mutu na mutoto yake": mizani ni zilezile nane, na kina cha mwisho ni kilekile, "ke". Tofauti zipo. "Kwenda" lina mizani mbili, "kuenda" lina tatu. Hapo mtunzi achague tamko moja na kulihesabu kwa uaminifu.

Wapo watakaosema kwamba tangu Euphrase Kezilahabi achapishe diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, vina na mizani si sharti tena. Ni kweli, lakini hata mshairi huru hukata mishororo na kupanga beti, na hajui anachoacha asiyekijua.

Kwa hiyo somo lianze na sikio. Wanafunzi walete sentensi kutoka nyumbani kwao, wapige kofi moja kwa kila silabi, wahesabu. Kisha ndipo mwalimu aandike ubaoni: mizani.