Rangi Zitokanazo na Ukubwa: Historia Fupi ya Nukta za Kwantumu

Mafundi wa vioo walijua tangu zamani kwamba kioo chenye chembe za madini hubadilika rangi kulingana na ukali wa tanuri, ingawa sababu yake ilibaki fumbo. Mwaka 1981 Alexei Ekimov, aliyefanya kazi katika taasisi ya elimu ya mwanga huko Leningrad, alichapisha matokeo ya kupasha kioo kilichotiwa kloridi ya shaba, ambamo kristali zilijitunga zikiwa na upana wa nanomita chache tu, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kadiri kristali zilivyokuwa ndogo, ndivyo mwanga zilioufyonza ulivyoelekea upande wa buluu. Miaka miwili baadaye Louis Brus, katika maabara za Bell nchini Marekani, alieleza jambo hilohilo kwa chembe za salfidi ya kadimiamu zilizoelea katika kimiminika. Sababu ni kwamba elektroni iliyobanwa mahali padogo huhitaji nishati kubwa zaidi, hivyo dutu ileile moja hutoa rangi tofauti kwa kubadilishwa ukubwa pekee. Chembe za namna hii ndizo nukta za kwantumu.

Mwaka 1993 kundi la Moungi Bawendi huko MIT lilidunga kemikali ghafla katika kiyeyusho cha moto, likapata chembe zinazokaribia kulingana ukubwa, na kwa hiyo rangi safi. Hata hivyo chembe hizo zilivikwa molekuli za mafuta zisizopatana na maji, hivyo hazikufaa kuchunguzia seli, kwani seli haiishi ila majini. Kwa hakika kilichofungua mlango wa biolojia kilikuwa vazi la chembe zaidi kuliko kiini chake. Mwaka 1998 makundi mawili yalichapisha suluhisho katika toleo moja la jarida la Science: kundi la Berkeley lilizivika chembe silika, likapaka seli za panya rangi mbili, kijani kwenye kiini cha seli na nyekundu kwenye nyuzi za protini iitwayo aktini, zote zikiwashwa na mwanga mmoja, nao Warren Chan na Shuming Nie wa Chuo Kikuu cha Indiana waliziambatanisha na protini ya transferini, ambayo seli hai huimeza yenyewe, na chembe zikaingia nayo.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 ilikwenda kwa Ekimov, Brus na Bawendi. Kadimiamu iliyomo katika nyingi ya chembe hizi, hata hivyo, ni sumu: ikivuja kutoka kwenye chembe ambayo vazi lake limeharibika, huua seli ileile inayochunguzwa, na ndiyo maana watafiti wameigeukia fosfidi ya indiamu.