Nomino “Border” na Maana za Mpaka katika Historia ya Kasese na Bwera

Makala haya yanachunguza nomino ya Kiingereza “border” na kisawe chake cha Kiswahili, mpaka, katika Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba nomino hiyo hutaja mstari unaotenganisha dola na pia mahali wanapoishi watu, na kwamba sera inayosoma maana ya kwanza pekee huwaacha wakazi bila kinga.

Maana ya mstari ililetwa na ukoloni. Mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili ulitumia longitudo ya 30 mashariki. Makubaliano ya mwaka 1910 yaliiacha longitudo hiyo, yakafuata vilele vya Rwenzori, mto Lhubiriha na Ziwa Edward. Wakonzo na Wanande, wenye lugha zinazokaribiana mno, wakawa raia wa dola mbili. Mpondwe, jirani na Bwera, ikabaki Uganda, na Kasindi ikabaki Kongo.

Mipaka ya ndani ya nchi Kiingereza huiita kwa kawaida “boundary”. Kiswahili hutosheka na mpaka. Tofauti hii si ndogo kihistoria. Vuguvugu la Rwenzururu, lililojitangazia uhuru tarehe 30 Juni 1962, lilichochewa na dai la Wakonzo na Waamba la kutengewa wilaya nje ya mamlaka ya Toro. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliunda wilaya ya Rwenzori, ambayo baadaye iliitwa Kasese. Kwao, mpaka wa wilaya ulikuwa haki iliyodaiwa, ilhali mpaka wa dola uliwagawa.

Kiswahili pia hutumia mpaka kama kihusishi: mtu husafiri kutoka Kasese mpaka Bwera. Hapo neno hutaja mahali pa kufikia, si kizuizi. Maisha ya Bwera yanafuata maana hiyo, kwa kuwa soko, ndoa na mazishi huvuka mto.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 11 Juni 2019, Uganda ilipothibitisha Ebola wilayani Kasese. Upimaji wa wasafiri ulikuwapo Mpondwe, lakini wagonjwa walitoka katika familia yenye jamaa pande zote mbili. Kituo hulinda barabara. Undugu hupita pia kwenye njia za panya.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo watafsiri wa nyaraka za afya, biashara na usalama wanapaswa kutenganisha “mstari wa mpaka”, “kituo cha mpakani” na “jamii za mpakani”. Agizo la kufunga mpaka lisilobainisha ni upi kati ya hivyo litafunga kituo, na kuwasahau watu.