Upinde Badala ya Bastola
Katika katuni za Marekani kama Rawhide Kid, iliyoanza 1955, haki huletwa na mtu mmoja mwenye bastola, ambaye kisha huondoka peke yake juu ya farasi. Lakini Usukuma, nchini Tanzania, uliochoshwa na wezi wa ng'ombe na bunduki zilizozagaa baada ya Vita vya Kagera, haukumngoja shujaa wa namna hiyo. Sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa kijiji kizima: mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa, wanaume hutoka na pinde, mishale na filimbi, wakifuata nyayo za kwato mpaka kijiji jirani kiupokee msako. Wapo wasemao huo ulikuwa ubabe uleule, na kweli watuhumiwa waliteswa, baadhi ya vikongwe wakauawa kwa tuhuma za uchawi. Doa hilo halifutiki. Ila adhabu yao kubwa, kutengwa, haihitaji risasi. Inahitaji majirani waliokubaliana.