Maji ya Mlima Kulen

Kila dola kuu ina hadithi ya kuzaliwa kwake. Dola ya Wakhmer, iliyojenga Angkor huko Kambodia, husemwa kuwa ilizaliwa mlimani. Mwaka 802 Jayavarman wa Pili alitawazwa mfalme wa wafalme juu ya Mlima Mahendra, ambao leo huitwa Phnom Kulen na tangu 1993 ni hifadhi ya taifa. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: nani aliyeandika habari hizi? Zilichongwa katika jiwe katika karne ya 11, miaka 250 hivi baadaye, kwa ajili ya ukoo wa makuhani waliotaka haki zao zitambuliwe. Huo ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa mwenye kesi.

Niliupanda mlima huo umri wangu ukiwa umeshapita miaka sabini. Kijana aliyetuongoza aliniita "Ta", yaani babu, akanishika mkono kwenye mawe yenye utelezi. Ndani ya mto wenye kina kifupi niliona lingamu nyingi, alama za mungu Shiva, zimechongwa katika mwamba wenyewe. Maji yakipita juu yake huhesabiwa kuwa yametakasika. Kisha huanguka kwenye maporomoko na kuteremka hadi kwenye mpunga na mabwawa ya Angkor, ambako bwawa moja lina urefu wa kilometa 8 hivi. Karibu na hapo, juu ya jabali, yuko Buddha aliyelala, aliyechongwa katika karne ya 16. Tulivua viatu, tukapanda ngazi kumtazama. Dini ilibadilika, maji ni yale yale.

Kwa miaka mingi vita na mabomu yaliyotegwa ardhini viliwazuia watafiti. Watanzania wenzangu wajue kwamba panya buku waliofundishwa Morogoro wamesaidia kuyanusa mabomu hayo nchini humo. Mwaka 2012 mitambo ya miali ya leza, iliyofungwa kwenye helikopta, ilifichua chini ya msitu barabara na mabwawa ya mji mzima. Tena matope ya bwawa la kale yakaeleza jambo jingine: kuanzia karne ya 9 udongo wa mlima ulimomonyoka kwa wingi, kwa kuwa watu walifyeka na kulima.

Jambo hilo lilinifikirisha sana. Utakatifu wa mto haukuzuia shoka. Leo msitu wa Kulen unafyekwa tena, safari hii kwa ajili ya mikorosho, na anayefyeka si adui wa mtu. Ni mkulima mwenye watoto wa kulisha.

Sisi wa Morogoro tunayafahamu haya. Milima ya Uluguru huulisha mto Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Huko nako wazee walitenga misitu ya matambiko. Mkulima wa mlimani huambiwa asikate mti, ilhali anayefungua bomba mjini hamfahamu kabisa. Kwa maoni yangu, fungu la ankara ya maji lingerudi mlimani, limfikie mkulima huyo mkononi. Heshima ya mizimu na ya miungu imejaribiwa kwa zaidi ya miaka elfu. Peke yake haikutosha.