Masharti ya Mpaka: Safari ya Dhana Moja ya Wahandisi wa Miamba

Mfasiri aliyekabidhiwa taarifa ya wahandisi wa mabwawa au ya migodi hachelewi kukutana na dhana ambayo Wajerumani huiita "Randbedingung" na Wafaransa "conditions aux limites". Mjerumani ametazama ukingo; Mfaransa ametazama ukomo. Kwa Kiswahili njia mbili zi wazi: "hali za mpaka" na "masharti ya mpaka". Yaweza kudhaniwa kuwa hitilafu iliyopo ni ya ladha tu. Historia haiungi mkono maoni hayo, hasa historia ya tawi moja la uhandisi, yaani ukokotoaji wa mienendo ya mapande ya mwamba yanayobonyea.

Dhana yenyewe ilikomaa katika hisabati ya karne ya 19. Mlinganyo wa joto au wa mkazo hueleza yanayotukia ndani ya kitu, lakini hausemi lolote juu ya ukingo wake. Hapo mkokotoaji hana budi kutamka mwenyewe. Ndiyo maana majina ya Wajerumani wawili yamebaki vitabuni: Dirichlet (1805–1859), ambaye sharti liitwalo kwa jina lake hutaja thamani yenyewe ukingoni, na Carl Neumann (1832–1925), ambaye lake hutaja jinsi thamani hiyo inavyobadilika kuuvuka ukingo. Mhandisi wa miamba ameyarithi yote mawili kwa sura ya kikazi: ama hutaja msogeo wa ukingo, ama hutaja mkazo unaoukandamiza. Mwalimu wa lugha asishangae. Mkazo huu si ule wa silabi, ingawa neno ni moja na sioni haja ya kuwatenga ndugu hao.

Kwa muda mrefu mwamba ulikokotolewa kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na ufa. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 bwawa la Malpasset, kusini mwa Ufaransa, lilibomoka na maji yakaufikia mji wa Fréjus. Watu zaidi ya 400 walikufa. Lawama haikuangukia zege la ukuta. Kilichoshindwa ni mwamba ulioushikilia ukuta upande wa kushoto wa mto: pande kubwa lenye umbo la kabari, lililozungukwa na nyufa, lilisukumwa na maji yaliyopenya humo, likatoka mahali pake. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mhandisi kuendelea kuzipuuza nyufa katika hesabu zake.

Mwaka 1971 Peter Cundall, wa Imperial College, London, aliwasilisha mjini Nancy, Ufaransa, kielelezo cha kompyuta ambamo kila pande la mwamba lilikokotolewa peke yake. Mapande yaligusana, yakasukumana na kusogea kwa kufuata sheria ya mwendo ya Newton, hatua ndogo baada ya hatua ndogo. Mapande hayo ya kwanza yalikuwa magumu kabisa. Kulizuia pande lisisogee lilikuwa jambo jepesi: likifungwa, kila sehemu yake imefungwa.

Baadaye mapande yalipewa uwezo wa kubonyea. Kila moja liligawanywa ndani kuwa pembetatu ndogo, na kila kipeo cha pembetatu kikawa na mwendo wake. Hapo maana ya kufunga ikabadilika bila neno kubadilika. Haikutosha tena kusema kwamba pande limefungwa. Ilibidi isemwe ni vipeo vipi, vya uso upi, na kwa mwelekeo gani, kwa sababu pande laweza kufungwa chini na bado likatanuka juu. Tena, katika njia hii mkokotoaji hatoi msogeo moja kwa moja, bali hutoa kasi. Kutulia ni kupewa kasi ya sifuri. Mfasiri akiandika kwamba "hali ya mpaka ni utulivu", amegeuza amri kuwa habari: msomaji atadhani mwamba umeonekana umetulia, kumbe umeamriwa utulie. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulishikilia neno "sharti". Sharti lina mwenye kuliweka, naye aweza kuulizwa.

Shi Gen-hua, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 huko Berkeley, Marekani, alifuata njia nyingine. Kwake kila pande la kielelezo bapa lina mambo sita yasiyojulikana: misogeo miwili, mzunguko mmoja, na mabadiliko matatu ya umbo. Nukta inayotakiwa isisogee hushikwa kwa springi ngumu sana. Kwa hiyo husogea, japo kidogo mno, na "kushikwa" kuna ukweli zaidi hapo kuliko "kufungwa".

Kuhusu "kubonyea" nina maneno machache. "Kuumbuka" kungefaa kwa asili yake, lakini kumekwisha kubeba aibu, na jiwe halina aibu. "Nyumbufu" humfanya msomaji atarajie kwamba kitu kitarudia umbo lake, jambo ambalo mapande haya hayaahidi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika "mpaka". Uso ambapo pande hukutana na pande jingine ni ufa wa kweli, uliomo ardhini. Ukingo wa nje ni pale mhandisi alipoukata mwamba kwa kuwa kompyuta haiwezi kuibeba dunia nzima, ardhini haupo. Wa kwanza nauita "mguso", wa pili "mpaka". Mpaka ukiwa karibu mno na shimo linalochimbwa huharibu jibu. Ukizuiwa kabisa, msogeo huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ukipewa mkazo tu, huonekana mkubwa. Waangalifu hukokotoa mara mbili na kuutafuta ukweli katikati. Sasa, sentensi isemayo kwamba mpaka umezuiwa, ikifasiriwa kwa neno lililotumika pia kwa nyufa, humwambia afisa anayeidhinisha ujenzi kwamba nyufa zimezuiwa. Huko Malpasset hakuna aliyezizuia.

Limesalia suala la matetemeko. Mpaka uliofungwa huyarudisha mawimbi ndani ya kielelezo, kama ukuta wa bandari unavyoyarudisha ya bahari. Mwaka 1969 Lysmer na Kuhlemeyer walipendekeza ukingo uwekewe vizuizi vya mwendo, vinavyofanya kazi kama vile mafundi wa magari waitavyo shokapu, ili nguvu za mawimbi ziishie hapo. Baadhi ya lugha huuita mpaka huo kimya. "Mpaka mnyonyaji" ungeeleweka, lakini kwa Mtanzania aliyekulia siku za Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji ni mtu wa namna nyingine kabisa. Napendelea "mpaka mfyonzaji", kwa sharti kwamba maelezo yake yasiahidi mno: hufyonza vizuri mawimbi yanayoupiga wima, lakini yanayokuja mshazari hurudi kwa sehemu, na kwa hiyo wahandisi bado huusogeza mbali kadiri kompyuta inavyoruhusu.