Mchele wa Vileja

Kileja cha Unguja kina vitu vitano tu: unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki. Anayetia arki ya mawaridi au zafarani anapamba. Nimefundisha historia sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila Ramadhani, kumi la mwisho likiingia, napika vileja vya Idi, vya nyumbani na vya watu walioagiza. Siku hizi wengi wanaokuja kuagiza ni wenye kisukari na presha, au wana wazee nyumbani wenye maradhi hayo, na wananiuliza kama vipo vileja vya afya. Nawajibu kwamba vipo, na si vipya. Kileja cha zamani kiliharibika kidogo kidogo, kitu kimoja kikiondolewa na kingine kikiletwa mahali pake, na kila badiliko lina mwaka wake na sababu yake.

Mambo mengi yapo kwenye mchele. Wanaakiolojia waliochimba Tumbe, kaskazini mwa Pemba, mahali palipokaliwa na watu tangu karne ya 7 hadi ya 10, walizikuta nafaka zilizoungua majikoni, na nyingi zilikuwa uwele. Walipochimba Chwaka, mji uliosimama jirani na hapo tangu karne ya 11, mchele ulikuwa umeushinda uwele. Sarah Walshaw, aliyezichambua nafaka hizo, ameyahusisha mabadiliko hayo na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Mchele ulikuwa chakula cha karamu, cha kumkirimia mgeni. Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chombo kikubwa cha mbao. Kwa hiyo mchele na samli vimekuwa pamoja katika pwani yetu, mbele ya mgeni, kwa karne nyingi.

Kileja chenyewe kina jamaa zake ng'ambo ya bahari. Kermanshah, nchini Iran, hadi leo wanaoka nan-e berenji: unga wa mchele, samli, sukari, yai, iliki na maji ya mawaridi, na wanaziandaa kwa ajili ya Nowruz, mwaka wao mpya. Nowruz hiyo ndiyo iliyoacha alama yake Makunduchi, Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa. Surat, huko Gujarat, wana nankhatai, ya unga wa ngano na samli. Ukivipanga hivi vitatu kwenye sahani moja utasema ni watoto wa mama mmoja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Kwake unga wa vileja haukununuliwa. Mchele uliroweshwa usiku, asubuhi ukachujwa na kuanikwa juu ya mkeka kivulini, mpaka ukafika pale anapopataka: ukiuminya kiganjani unashikana, ukiuachia unaachana. Hapo ndipo ulipoingia kinuni. Wanawake wawili, michi miwili, kinu kimoja, huyu anainua yule anashusha. Kisha chekeche. Chenga zilizobaki juu zilirudi kinuni, zikatwangwa tena, na zile za mwisho kabisa, zilizokataa kulainika, zikapikwa uji wa watoto. Idi ikiangukia masika ilikuwa mtihani. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi, basi kila kizazi hukutana na Idi zake za mvua. Unga haukauki, ukilala unachachuka, na kileja kinatoka na harufu ambayo hakuna iliki ya kuificha.

Mchele wenyewe ulikobolewa kwa michi hiyohiyo, kwa hiyo punje zilibaki na sehemu ya utando wao mwekundu wa ndani. Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1890 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, aliona huko Batavia kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliong'arishwa walidhoofika miguu, ugonjwa unaofanana na beriberi ya watu, na walipopewa mchele wenye utando wake walipona. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Tulichojifunza baadaye ni kwamba vitamini B1 imo katika utando huo, pamoja na nyuzinyuzi, na mashine ya kukoboa inavitoa vyote viwili. Bibi yangu hakuwahi kulisikia jina la Eijkman, lakini mchele wake ulikuwa na rangi, na vileja vyake havikuwa vyeupe pe kama hivi vya dukani.

Siusifu mchi nikasahau aliyeushika. Katika nyumba kubwa za Mji Mkongwe na za mashamba, hadi utumwa ulipoondolewa kisheria visiwani mwaka 1897, walioinua michi hiyo walikuwa wajakazi. Biskuti nzuri ya Idi ya bwana ilikuwa jasho la mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kutwanga.

Na sukari ndiyo yenye habari nzito kuliko mchi. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalileta sukari guru hadi Unguja, na nyingine ilisafirishwa mpaka Arabuni. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa, na shamba hilo lililimwa na watumwa. Wanafunzi wangu walimjua Abushiri kama shujaa, na mimi nilimfundisha hivyo, lakini sikuacha kuwafundisha na habari ya miwa. Kwa jikoni, la kukumbuka ni kwamba sukari ile ilikuwa ya hudhurungi, ina ladha yake, na haikuwa ya kumwagwa. Utamu wa kileja ulitegemea zaidi samli iliyoiva vizuri na iliki iliyopondwa papo hapo.

Iliki na mayai yasituchukulie muda: iliki ililetwa na majahazi kutoka Malabar kabla ya kulimwa Usambara, na kuku walikuwa uani.

Kilichouharibu mchele wetu ni karafuu. Enzi ya Sultani Seyyid Said vilima vya Unguja na Pemba vilifunikwa mikarafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mpunga ulibaki mabondeni, kati ya kilima na kilima, hautoshi walaji. Visiwa vikazoea kula mchele wa meli, wa kutoka Bombay na Rangoon. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa Rangoon ukakatika. Serikali ya kikoloni ikaleta mgao, na mgao ukafuata kabila: walioandikishwa Waarabu na Wahindi wapate mchele, walioandikishwa Waafrika wapate mahindi. Watu waliokula wali tangu kuzaliwa wakaambiwa na karatasi za mgao kwamba wali si chakula chao. Sijui mambo mengi katika historia ya Zanzibar yaliyofanya madhara ya kimyakimya kama karatasi hizo. Fikiria Idi ya nyumba iliyoandikwa upande wa mahindi, na jirani yake wa mlango wa pili anatwanga mchele wa vileja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 dhiki ilirudi. Mchele, unga na sukari vilikuwa vya foleni na mgao, na hii naikumbuka kwa macho yangu. Mama alianza kuweka sukari ya Idi tangu Rajabu, kijiko kijiko, katika kopo lililokuwa juu ya kabati. Mchele ukipungua alichanganya unga wa makopa. Vileja vya makopa vilikuwa vigumu, na vina harufu ya muhogo mkavu ambayo haitoki hata kwa arki. Tulivila vyote, na mama alipeleka sahani kwa majirani vilevile.

Samli ndiyo iliyoondoka mwisho, na kuondoka kwake ndiko kuliko na madhara zaidi mwilini. Zamani samli ya Sokotra na ya pwani ya Banadiri ilishuka na majahazi ya kaskazi, na Pemba kwenyewe waliofuga waliisukasuka yao nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ulaya vilikwishajua kuyagandisha mafuta ya mimea kwa kuyapitishia haidrojeni. Mafuta ya namna hiyo hayaozi upesi, ni rahisi, na yakaja hadi kwetu katika makopo. Siwalaumu walioyanunua. Mwenye watoto saba na mshahara mmoja hakuwa na njia ya kununua samli ya ng'ombe kwa ajili ya biskuti. Lakini ugandishaji huo, usipokamilika, huzaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula ifikapo mwisho wa 2023. Ukinunua mafuta ya kugandishwa kwa ajili ya Idi, soma nyuma ya kopo uone kama yana transi. Ukiona hapakuandikwa kitu, yaache dukani.

Samli nayo si dawa, nalisema hili kwa kila anayeniagiza. Ina mafuta mazito mengi, na mwenye maradhi ya moyo aile kwa hadhari. Ninaitetea kwa sababu unga wa mchele hauna ule unato wa ngano unaoushika mkate, kwa hiyo yai na mafuta ndivyo vinavyokishika kileja, na samli inafanya kazi hiyo na kukipa ladha. Mafuta ya kopo yanakishika bila ladha hiyo.

Namna ya kuoka haikubadilika sana kwangu, ingawa ninayo oveni ya gesi. Samli na sukari nazivuruga kwa mkono, si kwa mwiko, mpaka rangi ya manjano itoke na mchanganyiko uwe mweupe, mwepesi, na sukari isisikike vidoleni. Yai, iliki, kisha unga kidogo kidogo. Donge linatulia kwanza. Kisha nafinyanga viduara vya kukaa kiganjani, navibonyeza katikati kwa kidole gumba, navipanga kwenye sinia la bati. Kwa vya nyumbani natumia moto wa juu na chini: vifuu vya nazi vilivyokwisha kuwaka na kutulia, vichache chini ya sinia, vingi zaidi juu ya bati la kufunikia. Anayepalia makaa lazima ayajue kwa mkono. Moto wa chini ukizidi, kileja kinaungua tako kabla uso haujakauka. Kilichoiva hakibadiliki rangi juu. Kinapasuka nyufa nyembamba na kubaki na rangi ya unga wake, na chini kina hudhurungi hafifu. Usikiguse kingali moto. Kitasambaratika chote, na hakuna cha kukirudisha.

Vipimo vinavyozunguka sasa ni nusu kilo ya unga, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari. Vinatoka vileja kama 50, kila kimoja na gramu tano za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isipite gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na vileja vitano tu vimekwisha kuzifikisha, kabla ya chai. Mimi natia gramu 150, nusu yake sukari guru iliyosagwa, na iliki mara mbili ya wengine. Kileja kinabaki na gramu tatu, na hakuna aliyewahi kunirudishia. Tende iliyopondwa inafaa pia, ila inakilainisha, kwa hiyo hakikai wiki.

Unga nasaga mchele wenye utando wake ninapoupata. Mchele wa mapembe, ule wa meli uliokaa sana, unatoa unga mkavu usio na ladha. Na robo ya unga huo naifanya uwele wa Dodoma, nafaka ileile iliyoungua katika majiko ya Tumbe. Uwele unakipa kileja rangi ya majivu na ladha inayokaribia ya ufuta. Ukipita robo kinavunjikavunjika. Wapo wanaoniambia kwamba kileja cheusi si cha Idi. Nawaeleza habari ya Tumbe, na wengine wanakichukua.

Lakini hakuna unga wala sukari guru itakayomsaidia mtu anayekula vileja kwa ndoo. Nyumbani kwa bibi gunia moja la mchele lilitoa zaka ya fitri na vileja, na fitri ilipimwa kwanza, pishi kwa kila kichwa. Kilichobaki kilikuwa kichache, na kichache hicho nacho kilikuwa cha kugawa. Usiku wa kuamkia Idi sisi watoto tulitumwa na sahani zilizofunikwa kawa: vileja vichache, visheti, kipande cha mkate wa kumimina. Nyumba ikipokea sahani, hairudishi tupu. Mtu alionja vileja vya mtaa mzima na pengine hakula viwili vya mkono mmoja. Leo sahani zimepungua, na vileja vinauzwa katika ndoo za plastiki zenye vifuniko, vinawekwa mbele ya televisheni na kuliwa hadi chini.

Kwa hiyo navifunga kumi na mbili kwa kila mfuko, na kila anayenunua namwuliza jirani yake ni nani. Mwenye kutaka ndoo nzima namwelekeza kwingine.